Walimpelekea Figili

Mimi naitwa Kelele. Jina la kuzaliwa ninalo, liko kwenye kitambulisho na kwa dobi ninakofanya kazi, na likae huko huko. Hapa kwetu Minamikuze, mji mdogo nje ya Tokyo, ukiingia baa ya Hinata kuniulizia, hutamaliza swali. Utakuwa umeshanisikia kabla hujafunga mlango.

Aliyenipa jina hilo ni Pembeni, na ni yeye ninayetaka kumsimulia, kwa sababu watu wa aina yake huwa hawasimuliwi. Hakuwahi kuwa mkubwa wa kitu chochote, nijuavyo mimi. Haimbi, hachezi, hanunulii watu vinywaji ili asifiwe. Anajua kitu kimoja tu, namna ya kuimaliza jioni vizuri, na kwa hilo sijaona wa kumfikia, si hapa wala Tokyo.

Hinata ni kaunta moja na viti vinane. Nyuma ya kaunta yuko Mama, mwenye baa, mwanamke mfupi mwenye kauli fupi kuliko yeye. Mbele yake kuna sufuria la pembe nne, mchuzi unachemka taratibu tangu adhuhuri: mayai, tofu, vinofu vya samaki wa kusaga, na figili nene zilizokatwa mapande. Jioni treni ya kutoka Tokyo ikishusha watu, wengi hupitiliza makwao. Sisi wachache tunainama chini ya pazia la mlangoni, tunaingia. "Kutwa nzima mmetundika majina vifuani," Mama alisema zamani, "na vyeo chini ya majina. Mkija kwangu, vueni." Ikawa ndiyo sheria. Hinata huulizwi jina, huulizwi kazi, huulizwi mkeo au mumeo yuko wapi. Tunaitana kwa majina ya kaunta.

Sheria ni ya Mama. Majina ni ya Pembeni.

La kwake mwenyewe alipewa na Mama, kwa sababu ya kiti alichojichagulia, kile cha mwisho kabisa, ubavuni mwa mlango. Ni kiti kibaya hicho. Baridi ya Januari inakupiga kisogoni kila mtu akiingia, na anayekwenda msalani lazima unyanyuke umpishe. Siku moja nikamuuliza, mzee, viti viko vingi, unajitesea nini?

"Mgeni akikikuta kitupu atakikalia," akasema. "Atapigwa na baridi, hatarudi tena. Mimi nimeshazoea kupigwa." Akacheka peke yake.

Huwa anaingia kiubavu, kofia yake ya kahawia mkononi. Mama anampa kitambaa cha moto, naye anafuta vidole kimoja kimoja bila haraka. Halafu anatazama kikombe cha jirani kabla ya chake. Kwetu mtu hajimiminii. Wewe unammiminia mwenzio, naye anakumiminia. Pembeni ana jirani mmoja tu, lakini anaona vikombe vyote vya kaunta. "Mama, yule bwana wa katikati anakunywa hewa," utamsikia akisema. Yeye mwenyewe ni vikombe viwili vya pombe ya mchele, ya moto, basi. Sijamwona amelewa, na sijamwona akitazama saa.

Mgeni akija, Pembeni hamsemeshi sana. Anamnong'oneza tu kilichoiva vizuri siku hiyo, kisha anamwangalia akila. Akirudi mara ya pili anaangaliwa tena. Mara ya tatu anapewa jina, na ukishapewa jina, umekuwa wa hapa.

Mimi sikungojeshwa. Jioni yangu ya kwanza nilikuwa nimetoka kuachana na mwanamume ambaye kila nilipocheka aliinua kiganja kama askari wa barabarani. Sijui Mama alisema nini, nikaangua kicheko, kicheko changu chenyewe, hiki kinachotingisha glasi. Kaunta nzima ikageuka. Mzee wa mlangoni akasema, "Karibu, Kelele."

Nikapandwa na hasira. "Umeniita nani, mzee? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Kaa."

"Sikai! Nimemkimbia mmoja wa aina yako juzi juzi tu!"

"Basi umefika," akasema, akanimiminia. "Kaunta isiyo na kelele ni kaunta ya matanga. Tulikuwa tunakungoja."

Jamani! Mtu mzima na mvi zangu, nikakaa nikanywa pombe pamoja na machozi yangu. Tangu siku hiyo sijawahi kuchekea ndani ya mkono.

Jirani yangu ni Figili, bwana mrefu, mweupe, kichwani hana hata unywele mmoja, anayeagiza figili kabla hajaketi. Nilidhani kapewa jina kwa ajili ya ulafi. "Hapana," Pembeni alinieleza, huku mwenyewe akisikia. "Figili haiupi mchuzi ladha yake. Inanyonya ya wenzake wote. Huyu bwana anasikiliza." Figili akaona haya mpaka masikio yakawa mekundu, akaagiza nyingine.

Halafu yuko Samahani. Huyu aliingia jioni moja amelewa kutoka kwingine, suti nzuri, tai shingoni imekwenda upande, akamtolea Mama maneno ambayo siyarudii hapa. Figili akasimama. Mimi nilishashika chupa, nisidanganye. Pembeni akatuzuia kwa jicho. Akachukua koti la yule bwana, akamvisha mkono huu, akamvisha mkono ule, kama anayemvalisha mtoto wa shule, akamsindikiza mpaka stesheni, akamnunulia chai ya moto kwenye mashine na kukaa naye mpaka treni ikaja. Wiki iliyofuata yule bwana alirudi, akainama mlangoni, paji la uso karibu liguse magoti. "Samahani," akasema. "Samahani, Mama. Samahani, jamani."

"Ingia, Samahani," Pembeni akamjibu. "Leo mayai yameiva vizuri." Kwa huyo pia hakungoja mara ya tatu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Wanaotafuta raha za mji mkubwa wapande treni, wala siwakatazi. Mimi raha yangu ilikuwa bega la Figili upande huu, mvuke wa sufuria usoni, redio ikitangaza besiboli kwa sauti ndogo, na mzee mmoja mlangoni anayetuangalia sote kama kwamba tumeiva vizuri.

Jioni moja mwezi wa nne mwaka huu Pembeni hakuja. Tukasema mafua. Kesho yake hakuja tena. Hakuna mtu aliyekigusa kile kiti. Siku iliyofuata Samahani akaingia anahema, hata koti hakuvua.

"Nimesikia stesheni," akasema. "Kuna mzee alianguka kwenye geti la tiketi. Mwenye kofia ya kahawia. Wamemchukua na gari la wagonjwa, hospitali kubwa."

"Kesho sifungui," Mama akasema papo hapo. Tangu nimjue, hajawahi kufunga. "Tunakwenda."

"Twende tukamuulizie nani?" Figili akauliza polepole.

"Tukamuulizie Pem..." nikaanza, nikaishia hapo.

Mama alikuwa ameshika upawa juu ya sufuria. Hakuushusha. "Jina lake nani?" akauliza.

Redioni mtu alipiga mpira, watu wakashangilia.

"Anaishi upande wa mtoni," Samahani akajaribu.

"Mimi nimemwona akielekea upande wa reli," nikasema. "Ni mwalimu mstaafu, si mnasikia anavyoongea?"

"Mwalimu wapi. Fundi wa saa," akasema Figili. "Tazameni vile vidole."

"Ni mjane," akasema Mama. "Hilo tu ndilo nilijualo, na sikuambiwa."

Nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayokuchoma masikio. Miaka yote hiyo bega kwa bega, ananijua mpaka kikohozi changu, na mimi simjui hata herufi ya kwanza ya jina lake. Tulikuwa tunajivunia sheria yetu. Kumbe mtu anaweza kufa kando yako ukakosa jina la kumlilia.

Kesho yake mchana tukaenda watatu, Mama, Figili na mimi. Mama kavaa kimono cha heshima, Figili na suti ya misibani kwa kuwa hana nyingine. Dada wa mapokezi alikuwa mpole, na upole wa namna ile ni ukuta mtupu.

"Mgonjwa anaitwa nani?"

"Pembeni," nikasema.

"Ni jina la ukoo?"

"Ni jina la kaunta."

Akanitazama. "Nyie ni nani wake?"

Nikamtazama Mama, Mama akamtazama Figili. "Tunakunywa naye," Figili akasema.

Akainama mara mbili, akatuomba radhi, akasema bila jina la mgonjwa na bila udugu hawezi kutuambia lolote, ndiyo kanuni. Nami naielewa kanuni, msinielewe vibaya. Lakini tulipofika kwenye viti vya ukumbini hasira ikanipanda, na hasira yangu haina breki, ikamwangukia aliyekuwa karibu.

"Wewe Figili!" nikafoka. "Figili mzima na suti yako! Miaka yote umekaa unasikiliza, unasikiliza, hukusikia hata jina la mtu?"

"Na wewe Kelele?"

"Mimi nilikuwa nacheka!"

"Shh! Nyie wawili," Mama akasema.

Ukumbi mzima umegeuka. Vizee wenye magongo, kina mama wenye watoto, wote macho kwetu. Mbele ya lifti alikuwa amesimama nesi, mwanamke wa makamo, sahani ya chakula mkononi. Lifti ikafunguka, ikafunga, yeye hakuingia. Akatujia.

"Samahani, mama," akaniambia. "Umemwitaje huyu bwana?"

"Figili. Kwani vipi?"

"Na yeye amekuitaje?"

"Kelele. Ndilo jina langu, una neno?"

Nesi akaweka sahani juu ya kiti. Kwenye sahani kulikuwa na bakuli, na ndani ya bakuli kulikuwa na figili iliyokunwa. Hajaigusa mtu.

"Tuna mzee wodini," akasema. "Kiharusi. Upande mmoja umelala na ulimi umekuwa mzito. Tulimuuliza, mzee, tumwite nani? Nani ndugu zako? Akasema, figili. Tukampelekea figili. Ya kuchemsha, ya kachumbari, na leo hii ya kukuna. Kila tukimpa anaisukuma, analia."

Figili akajifunika uso kwa mikono yake miwili mikubwa.

"Tukamuuliza tena, akasema, kelele. Anarudia, kelele, kelele. Tukadhani wodi inamsumbua. Tukamhamishia chumba cha peke yake mwisho wa korido, tukafunga dirisha, tukaambiana tutembee kwa ncha za vidole. Na yeye bado, kelele." Nesi alikuwa hanitazami tena. "Na anamwita mama. Mchana na usiku. Mzee wa miaka ile! Daktari akasema amerudi utotoni."

Mama alishika mkono wa kiti. "Mama ni mimi," akasema.

Mtu ananiita usiku kucha na wao wanamfungia mlango ili asinisikie!

"Inukeni," nesi akasema. "Daktari anampitia sasa hivi, na leo ndiyo anaamua. Mzee hana mtu. Akionekana akili imeondoka, anapelekwa kwenye nyumba ya wazee huko milimani, ndiko kwenye nafasi. Akionekana akili anayo, anabaki hapa mjini afundishwe kutembea na kusema. Mpaka sasa hakuna swali hata moja alilojibu sawa."

"Ni mbali huko milimani?" Figili akauliza.

"Mbali. Kumtembelea ni safari ya kutwa. Na huko ni kulala tu."

Lazima mkuu wa zamu aulizwe kwanza, nesi akasema, akatangulia juu mbio. Aliporudi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Nimemuuliza mzee, Figili ni mtu wa namna gani? Kainua mkono wake mzima juu kabisa, hivi, halafu kapapasa kichwa chake kama upara. Twendeni."

Chumba kilikuwa kimya kama ndani ya godoro. Pembeni amelalia mto, mdomo umeshuka upande mmoja, naye bila kofia alionekana mdogo. Juu ya kitanda wameandika kwa herufi kubwa jina walilolikuta kwenye kitambulisho chake: Usuda Teiichi. Ni jina zuri. Lakini halikumkaa, lilikuwa kama la mgonjwa aliyetoka jana.

Akamwona wa kwanza aliye mrefu. "Figili," akasema. Neno lilitoka nusu nusu, lakini lilitoka. Akamwona aliye mfupi. "Mama." Halafu akanitazama mimi, na mimi nimebana midomo kwa nguvu zangu zote, machozi yananitiririka bila sauti. Akakunja uso kwa wasiwasi. Akauliza, ndiyo, aliniuliza: "Kelele?"

"Nipo, mzee," nikasema, na hapo kilio kikanitoka, na kicheko nyuma yake, sikujua kipi ni kipi. Chupa za dawa zikagongana kwenye meza. Pembeni akafumba macho kama mtu aliyepata kikombe cha kwanza.

Katika hali hiyo ndimo daktari alimotukuta. Kijana mwembamba, amechoka, kalamu mkononi anaibofyabofya, tiki-tiki, tiki-tiki. Nesi akamweleza upesi upesi. Daktari akasikiliza na kalamu yake, kisha akamwinamia mgonjwa.

"Huyu ni nani?"

"Figili."

"Na huyu?"

"Mama."

"Na huyu anayepiga kelele?"

Pembeni akamtazama kama anayemwonea huruma. "Kelele," akasema.

Nesi akacheka, daktari hakucheka. Tiki-tiki. "Na wewe mwenyewe, mzee? Jina lako nani?"

Roho ikanipasuka. Jina liko pale pale juu ya kichwa chake! Nilitamani nimnong'oneze, nilitamani nilifoke, Usuda Teiichi, sema, mzee, sema ubaki! Mama akanibana kidole. Pembeni alichukua muda wake. Ulimi ukahangaika, ukatafuta, ukapata.

"Pembeni."

Daktari akashusha pumzi. "Ndivyo anavyosema kila siku," akatuambia kwa sauti ya chini. "Tulipokisogeza kitanda pembeni, ukutani, alikasirika. Majina ya watu pengine anayakumbuka kwa mazoea. Hilo haliniambii kama akili bado inafanya kazi. Nasikitika."

"Amekujibu sawa," Mama akasema. Sijawahi kumsikia akiongea kirefu namna ile. "Daktari, tangu siku ya kwanza amekujibu sawa. Jina hilo nilimpa mimi mwenyewe. Sisi ndio tuliokuja bila majina, si yeye."

Daktari, tiki-tiki, akaenda mpaka dirishani. Tiki-tiki, akarudi. Pembeni alikuwa anamfuata kwa macho. Nalijua jicho lile. Ndilo analokuangalia nalo unapokula.

"Mara ngapi umekuja kumwona, daktari?" nikauliza.

"Hii ya tatu. Kwa nini?"

Pembeni akainua mkono wake mzima. Akamwelekezea kidole, akahangaika na ulimi, mate yakamtoka pembeni mwa mdomo, nesi akataka kumfuta, akamkataa kwa kichwa.

"Tiki-tiki," Pembeni akasema.

Daktari akatazama kalamu yake kana kwamba kapewa sasa hivi. Neno hilo mzee hakuwa amelisema kabla. Hakuna aliyemfundisha, wala si la kukariri miaka mingi kwenye kaunta. Alikuwa amelala pale na mdomo wake umepinda, amefungiwa madirisha, kazi yake anaifanya.

"Amesema nini?" daktari akauliza, ingawa alisikia.

Mama akainama mbele yake kwa heshima yote aliyokuwa nayo. "Amekukaribisha," akasema.

Daktari akabofya kalamu mara moja, akaandika mstari mmoja, akamkabidhi nesi. "Anabaki," akasema. "Mrudisheni wodini kwa wenzake." Alikuwa ameshafika mlangoni aliposimama, mgongo kwetu, kalamu bado inalia mkononi, akaona haya, akaitia mfukoni inyamaze.

"Hapana," Pembeni akamwambia. Akatikisa kile kidole chake kimoja. "Piga."